Siku Niliyopelekwa Bukoba

"Shika kiuno, Uwize! Mteremko huu hauna breki!"

"Mteremko ndio hauna breki au baiskeli?"

"Vyote viwili!"

Nilipiga yowe hadi kuku wa watu wakakimbia. Nilikuwa nimekaa upande kwenye keria, viatu mkononi, upepo wa ziwa ukinijaa mdomoni. Mzee mmoja aliyekuwa anasukuma baiskeli yenye mikungu mitatu ya ndizi alisimama pembeni kutupisha.

"We kijana!" akaita. "Mbona mkungu wako unacheka?"

"Haujaiva bado, mzee!" Projestus akamjibu bila kugeuka.

"Basi usiudondoshe! Ukichubuka hakuna mnunuzi!"

Tulicheka mpaka chini kabisa, mpaka lami ikaisha na mchanga ukaanza, na baiskeli ikazama na kusimama yenyewe. Mbele yetu ziwa lilikuwa jeupe kwa jua, na Kisiwa cha Musira kimekaa katikati kama ng'ombe aliyelala.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Sijawahi kuwa na asubuhi nzuri kama ile, na nataka niseme hivyo mapema, kabla sijasimulia yaliyobaki.

Mimi naitwa Uwizeye. Kwetu ni Kaisho, wilaya ya Kyerwa, lakini nafanya kazi Kayanga, kwenye maabara ya zahanati moja. Kazi yangu ni kuwachoma watu vidole na kutazama damu zao kwenye hadubini. Projestus yeye yuko kwenye mashine ya kukoboa kahawa, hapo hapo Kayanga, na kwao ni Bweranyange. Tulikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Jumamosi iliyofuata wazee wake walikuwa waje Kaisho kujitambulisha, na mama yangu alikuwa ameshawatengea mbuzi.

Kwetu huku kijana akimpenda msichana, swali la kwanza ni ukoo. Wewe wa ukoo gani? Babu yako ni nani? Sisi tulijiona wasomi. Tulikutana kwenye foleni ya kusajili laini za simu, akanichekesha, nikacheka, tukaruka swali la kwanza mpaka la kumi. Na majina hayakutusaidia. Sisi ambao wazee wetu walitoka Rwanda, kila mtoto hupewa jina lake, hivyo jina langu halimtaji babu yangu popote. Yeye alijiita Projestus Athanasi, akaishia hapo.

Baiskeli tuliazima kwa rafiki yake, Hanifu, mwenye duka la vitenge karibu na soko la Bukoba. Babu zake Hanifu walitoka Tanga, na hakuacha kutukumbusha.

"Nendeni mkalione hilo bwawa lenu," alituambia akipangusa tandiko. "Siku mkitaka kuona maji yenyewe, mje kwetu Tanga."

"Maji yenyewe hayanyweki," Projestus akamjibu. "Ya kwetu unakunywa na unaoga."

"Shemeji, umemsikia? Huyo atakuja kukupikia chai ya ziwani!"

Shemeji. Neno lile lilinikaa vizuri masikioni njia nzima.

Tulitembea ufukweni tukiisukuma baiskeli katikati yetu. Kwa mama mmoja Projestus alinunua kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na maganda yake ikakaushwa, imefungwa kwenye jani kavu la mgomba. Nilichukua tunda moja, nikalipasua kwa meno. Ndani zikatoka punje mbili zilizolala pamoja. Moja nikaitia mdomoni, nyingine nikampelekea yeye kwenye midomo.

Akarudisha kichwa nyuma kama aliyeungua.

"Hapana. Kula mwenyewe."

"Kwani ina sumu?"

"Kula tu, Uwize. Mimi nitachukua yangu." Akachukua tunda zima, akalitafuna haraka haraka akitazama maji.

Nilimcheka. Nikadhani anaona aibu ya kulishwa mbele ya wavuvi.

Kupanda kilima cha Bunena baiskeli ilipata pancha. Tukaendelea kwa miguu, yeye akiisukuma, mimi nikimsaidia nyuma. Njiani nilianza kumsimulia jambo nililokwisha kumsimulia vipande vipande.

"Jumamosi utamwona babu. Jiandae, atakushika mkono hatauachia. Nilipomwambia mchumba ni wa Bweranyange alilia."

"Alilia kwa nini?"

"Kwa furaha. Alisema, 'Bweranyange ni kwetu.' Si nilikwambia ana ndugu yake wa kuchanjiana kule? Marehemu Ndyamukama. Wale walifanya omukago wenyewe, Proje, wa zamani. Walichanjwa tumboni, wakapaka damu kwenye punje mbili za kahawa moja, kila mmoja akameza ya mwenzake."

Gurudumu bovu lilikuwa linapiga chini, pwa, pwa, pwa.

"Babu alikuja kijana mdogo, hana shati la pili," nikaendelea. "Alilima kibanja cha Ndyamukama kama kibarua. Baada ya omukago akaitwa mtoto wa nyumba ile, akakatiwa ardhi na mahali pa kuzikwa, na hata alipohamia Kaisho pakabaki pake. Na mwaka ule wa msako wa wahamiaji, tulipoulizwa asili yetu ni wapi, mtoto wa Ndyamukama alipanda pikipiki akaja hadi Kaisho, akasimama mbele za watu akasema, 'Huyu ni baba yangu mdogo.' Mimi nilikuwa shuleni bweni, sikumwona. Hivi huwafahamu hao watu kabisa?"

"Bweranyange ni kubwa," akasema.

"Nimekuuliza mara tatu sasa."

"Na mara tatu nimekujibu. Ni kubwa."

Akatoa simu, akaitazama. Siku nzima alikuwa anaitoa na kuitazama. Ningekuwa mwanamke asiyependa, ningeona. Lakini nilikuwa nimeshika mkono wake, na mkono ule ulikuwa na joto.

Saa saba tulikaa kwenye kibanda cha samaki kule chini ufukweni. Tuliagiza sato wa kukaanga na ndizi za kupika. Kabla samaki hajafika, simu yake ililia ujumbe. Aliusoma. Kisha akafunika uso kwa viganja, akavuta pumzi ndefu, na alipoviondoa alikuwa mtu mwingine. Alikuwa anacheka.

"Vipi?"

"Hakuna. Mambo yamekaa sawa kazini."

Akaingiza mkono mfukoni, akapiga goti mchangani, pale pale, mbele ya mama muuza samaki.

"Uwizeye. Najua bado wazee hawajafika kwenu. Lakini mimi siwezi kungoja Jumamosi. Utakuwa mke wangu?"

"Kubali, dada!" mama wa samaki akapaza sauti. "Kubali, samaki anaungua!"

Nilikubali. Nilikubali kabla hajamaliza. Pete ilibana kidogo kwenye kifundo cha kidole, akaisukuma, ikaingia. Watu wa kibanda cha pili wakapiga makofi.

Nilikaa na pete ile kwa muda wa kula nusu ya samaki. Ndipo mama akapiga.

"Mama, shikamoo. Nina habari, hutaamini..."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Bukoba, na Projestus."

"Nani aliyetaka mwende Bukoba leo?"

"Yeye. Kwa nini?"

Mama yangu, Mukashema, si mtu wa kuzunguka kwenye simu. Muda wa maongezi anauhesabu.

"Huyo Projestus ni mtoto wa nani?"

"Wa Athanasi."

"Athanasi wa nani, Uwizeye?"

Nikamgeukia. "Proje, baba yako ni Athanasi wa nani?"

Alikuwa anautazama mwiba wa samaki kwenye sahani.

"Nitakwambia mimi," mama akasema. "Ni Athanasi wa Ndyamukama. Yule aliyekuja kututetea. Leo asubuhi amekuja mdogo wake, Placidius, na mzee mwingine, na karatasi. Wamesema wewe na kijana wao mnapendana, na omukago unawazuia, maana nyie ni ndugu. Wakamwomba babu yako aseme kwamba omukago haukuwepo. Kwamba yalikuwa maneno ya vijana waliolewa rubisi."

"Na babu akasema nini?"

"Aliuliza swali moja tu. 'Mtoto anampenda?' Wakamwambia, sana. Akaomba wino, akaweka dole gumba."

Mawimbi yalikuwa yanafika karibu na miguu yangu, yanarudi.

"Halafu?"

"Halafu walipoondoka akaniita. Akasema, 'Mukashema, lile kaburi la Bweranyange liacheni. Nizikeni hapa nyuma ya zizi. Mimi sasa ni mgeni, msiwasumbue watu.' Tangu hapo hajala. Uji nimempelekea mara mbili."

Simu niliiweka mezani taratibu, uso chini.

"Ulijua tangu lini?" nikauliza.

"Uwize..."

"Tangu lini?"

"Miezi mitatu. Nilipomtajia baba nyumba yenu. Alinikatalia pale pale. Akasema, 'Huyo ni dada yako, usinirudie na jambo hilo.' Nilikonda, wewe mwenyewe uliniuliza kwa nini nakonda. Ndipo baba mdogo Placidius akasema kuna njia."

"Na njia ni mimi kupelekwa ufukweni."

"Sikutaka uwepo pale uumie."

"Hukutaka niwepo pale nikatae!"

Mama wa samaki aliondoa kikaango motoni, akajifanya anatafuta chumvi.

"Wewe ni mtu wa maabara," Projestus akasema, sauti imeanza kupasuka. "Kila siku unatazama damu. Niambie ukweli, kama mtaalamu: mimi na wewe tuna damu moja? Babu zetu walimeza kahawa, Uwizeye! Kahawa! Ilishatoka tumboni kabla mama zetu hawajazaliwa!"

"Najua."

"Sasa?"

"Najua kwamba ukiweka damu yangu na yako chini ya hadubini hakuna undugu utakaoonekana. Lakini babu yangu hakupewa ardhi na hadubini. Mwaka ule watu walipotuuliza sisi ni wa wapi, hatukutoa majibu ya maabara. Tulitoa omukago. Ndicho kitu pekee alicho nacho mzee yule kinachosema yeye ni wa hapa. Na wewe umemtumia watu na karatasi ili akikane kwa kidole chake."

"Amekubali mwenyewe! Hakulazimishwa!"

"Mlimwambia nampenda. Ungemlazimisha vipi zaidi ya hapo?"

Alilia. Projestus, anayebeba magunia ya kahawa mawili mawili, alilia akiwa amekaa kwenye benchi la mbao na mafuta ya samaki vidoleni.

"Nilikuwa naogopa," akasema. "Ningekwambia ungeniacha."

"Ungeniambia tungekwenda wote kwake. Tungepiga magoti. Pengine angetufukuza, pengine angetafuta njia yake mwenyewe, sijui. Sasa hatutajua kamwe."

"Kwa hiyo hunipendi?"

Lile swali ndilo lililonikasirisha kuliko yote.

"Nakupenda hadi naona aibu. Nimejua jambo hili dakika kumi tu, na dakika tano nimezitumia kufikiri jinsi ya kulikubali. Karatasi ipo. Mzee kaweka kidole. Harusi ipo. Nimefikiri, Proje. Kisha nikaona uji unapoa mbele yake."

Nikaanza kuvua pete. Ikagoma kwenye kifundo. Nikavuta, ikagoma. Nikachovya kidole kwenye mafuta yaliyobaki kwenye sahani, nikapaka kote, nikazungusha mpaka ikatoka. Nikaiweka juu ya jani lile la mgomba, kando ya kahawa, na hapo hapo nikakumbuka asubuhi.

"Ndiyo maana ulikataa ile punje."

Akaitikia kwa kichwa.

"Ulijua ukiila nitakuwa dada yako."

"Ndiyo."

"Kumbe unaamini," nikasema. "Unaamini kuliko mimi."

Akaichukua pete, akaifuta mafuta kwa pindo la shati.

Tuliisukuma baiskeli hadi mjini, yeye ameshika usukani, mimi keria. Ni mwendo wa kama nusu saa. Gurudumu lilikuwa linapiga, pwa, pwa, pwa, na watu waliotuona tukishuka kwa kicheko asubuhi walitutazama tukipanda kama tumebeba maiti. Hanifu alitoka dukani amenyoosha mikono.

"Aah, mmeniharibia baiskeli!" Akatutazama vizuri, akashusha mikono. "Au kuna kingine kimeharibika?"

"Pancha tu," Projestus akasema.

Hanifu hakunitania tena. Alinipa maji ya kunywa, na safari hii aliniita dada.

Jumapili alfajiri nilipanda gari la Kaisho. Babu Nsanzimana alikuwa amekaa kwenye mkeka wake karibu na meko, blanketi mabegani, ingawa jua lilikuwa limeshatoka. Alikuwa na miaka themanini na saba.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, bibi harusi wangu."

"Si bibi harusi, babu. Nimekataa."

Alinitazama kwa macho yale yenye ukungu.

"Nilikupa kitu," akasema polepole. "Kitu changu kikubwa. Umenirudishia?"

"Nimekurudishia."

"Utalia miaka mingi, mtoto."

"Nitalia nikiwa kwetu. Kunywa uji, babu."

Akanywa. Alikunywa wote, akaniomba wa pili, na mimi nilitoka nje nikalia nyuma ya zizi, pale alipokuwa amejichagulia kaburi.

Jumamosi ya kujitambulisha ilifika. Mbuzi alikuwa bado amefungwa mtini, hakuna aliyekuwa na moyo wa kumfungua. Saa tano pikipiki iliingia uani. Alishuka Athanasi, mzee mrefu mwenye kofia, na nyuma yake Projestus, amekonda zaidi. Nilikuwa sijajibu hata ujumbe wake mmoja.

Athanasi alivua kofia, akainama hadi chini.

"Shikamoo, baba mdogo."

Babu akakaza macho. "Nani huyo ananiita hivyo?"

"Mimi Athanasi, wa ndugu yako Ndyamukama. Nimekuja na mjinga wangu. Na hili."

Projestus alipiga magoti, akatoa ile karatasi, akaishika kwa mikono miwili. "Babu, nilikuibia. Nisamehe."

"Sijui kusoma," babu akasema. "Uwizeye, isome."

Niliisoma kwa sauti, yote, mpaka pale penye alama ya zambarau ya dole gumba. Babu akanyoosha kidole kuelekea meko. Mama alikuwa anachemsha maharage. Nikaitia chini ya sufuria, ikashika moto upande mmoja, kisha wote.

Ndipo babu akaingiza mkono chini ya mto wake, akatoa tunda moja la kahawa kavu. Alilipasua kwa kucha, maana meno hakuwa nayo. Punje moja akanipa mimi. Nyingine akampa Projestus.

Projestus alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu, na sidhani nitatazamwa tena. Kulikuwa na Bunena yote ndani ya macho yale, na ule mteremko, na pete.

"Kula, mjukuu wangu," babu akamwambia.

Akala. Nami nikala. Ilikuwa chungu kama kahawa yoyote.

Babu alifariki baada ya wiki sita, amelala. Projestus ndiye aliyekuja na gari. Ndiye aliyeshika kichwa cha jeneza kutoka Kaisho hadi Bweranyange, akilizuia kwa mikono yake kwenye kila shimo la barabara. Tulimzika ndani ya kibanja, katikati ya migomba, hatua mbili kutoka kwa Ndyamukama. Wajukuu walipoitwa kutupa udongo tulisimama kwenye mstari mmoja, kwa umri. Projestus ana miaka ishirini na tisa, mimi ishirini na sita, na katikati yetu hapakuwa na mtu. Alichota udongo, akanigawia nusu kwenye kiganja changu.

Jioni ile nilirudi Kayanga. Nilikuwa nimekaa kitandani bado na vumbi la makaburini miguuni, simu ikawaka.

"Dada, umefika salama?"

Niliutazama ujumbe ule hadi kioo kikazima. Nikakiwasha tena. Niliandika, nikafuta. Nikaandika mengine marefu, yenye ziwa ndani yake na mzee wa mikungu, nikayafuta yote.

Kisha nikamtumia maneno mawili.

"Nimefika, kaka."